Mchezaji Mkongwe Apimwe kwa Kazi Yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe maoni yangu kuhusu wapenzi wa soka ambao kila timu ya taifa inapotangazwa hukimbilia kuhesabu miaka ya wachezaji. Mtu akishapita thelathini na mbili, basi, kelele: mzee huyo awapishe vijana! Hakuna anayeuliza kocha anamtaka kwa kazi gani.

Tuchukue mfano wa Roger Milla wa Kamerun. Mwaka 1990 alikuwa na umri wa miaka 38, ameshaiaga timu ya taifa, na akichezea klabu moja katika kisiwa cha Réunion. Rais Paul Biya ndiye aliyemwomba arudi. Kama ingepigwa kura ya wapenzi, sidhani kama angepanda ndege ya kwenda Italia.

Katika fainali zile za Kombe la Dunia Milla hakuanza mchezo hata mmoja. Dhidi ya Romania aliingia kipindi cha pili akafunga mabao mawili, Kamerun ikashinda 2-1. Dhidi ya Kolombia aliingia tena kipindi cha pili, akafunga mawili katika muda wa nyongeza, la pili baada ya kumpora mpira kipa Higuita aliyekuwa ametoka mbali na lango lake. Kamerun ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Kocha hakumdai mzee yule dakika 90. Alimtoa benchi wakati mabeki wameshachoka, na hapo akili ya mkongwe ilifanya kazi kuliko mbio.

Lakini na wale wanaotaka mkongwe aitwe kwa sababu ya jina tu wasishangilie mapema. Mwaka 1994 kule Marekani, Milla akiwa na miaka 42, aliifunga Urusi na kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopata kufunga katika fainali hizo. Mchezo uliishaje? Kamerun ilifungwa 6-1, Salenko peke yake akifunga matano, na timu ikarudi nyumbani na pointi moja. Simlaumu Milla kwa mabao yale sita. Ila bao lake halikuisaidia timu kitu.

(Makipa niwaache kando. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti ya Saudi Arabia mwaka 2018 akiwa na miaka 45; kipa hafukuzani na mtu.)

Kwa hiyo kocha anapomwita mkongwe atueleze: amecheza michezo mingapi klabuni msimu huu, atatumika dakika ngapi, na kijana gani ameachwa kwa ajili yake. Na mkongwe mwenyewe akiambiwa kazi yake itaanzia benchi, kama hataki aseme mapema, ili kijana yule aitwe kabla timu haijasafiri.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.