Swichi ya Betri Isifanywe Mkusanya Madeni

Wanachuo wenzangu, pikipiki na bajaji za umeme zimeshaingia mjini, na wengi wetu tumeshazipanda kwenda Mwenge au kurudi hosteli. Hazipigi kelele, hazitoi moshi. Mazungumzo yetu juu yake huishia kwenye gharama ya kuchaji na umbali zinaokwenda. Mimi leo nataka tuzungumzie kidude ambacho abiria hakioni: swichi iliyomo ndani ya betri. Hoja yangu ni moja tu. Swichi ile iliwekwa kuokoa watu, na isitumike kudai watu.

Kwanza tuelewane inafanya nini. Betri ya chombo cha umeme si kitu kimoja. Ni seli nyingi ndogo zilizopangwa kwa mafungu, na mafungu hayo, yaani moduli, yameunganishwa mpaka kufikia volti zinazotakiwa. Seli moja ya lithiamu ina volti tatu na kitu. Pikipiki nyingi hufika volti 48 hadi 72, magari mengi huwa karibu na 400, na mengine 800. Kanuni za Umoja wa Mataifa, namba 100 kwa magari na namba 136 kwa pikipiki na bajaji, zimeweka mpaka kwenye volti 60 za mkondo mnyoofu. Ukivuka hapo, huo ni umeme mkubwa, na unahitaji kinga maalumu ili usimdhuru mtu.

Ndiyo maana kuna swichi. Kompyuta ndogo inayosimamia betri husoma volti, joto na mkondo muda wote. Seli ikichajiwa kupita kiasi, joto likipanda mno, waya zikigusana, au gari likigonga na mfuko wa hewa ukafyatuka, kompyuta inaamuru swichi ikate. Kwenye magari kazi hiyo hufanywa na kontakta, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Kwa kawaida huwa mbili, moja upande wa chanya na nyingine upande wa hasi, ili moja ikigoma nyingine ikate. Kwenye pikipiki nyingi kazi hiyo hufanywa na transista.

Sasa, kukata umeme wa betri si sawa na kuzima taa chumbani. Umeme wa ukutani, wa hezi 50, hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche ikiruka inapata nafasi ya kuzimika yenyewe. Umeme wa betri hauna sifuri hiyo. Ukikata wakati mkondo mkubwa unapita, cheche inang'ang'ania na kuunguza vyuma. Kontakta inastahimili kukata kwa namna hiyo mara chache, kisha vyuma vyake vinaweza kugandana visiachane tena. Transista nayo ikiungua, mara nyingi hubaki ikipitisha umeme badala ya kuuzuia. Kwa lugha nyepesi, swichi hii ina akiba. Kila inapokatwa ovyo chombo kikiwa kwenye mwendo, akiba inapungua, na siku ya ajali unaweza kuikuta haina kitu.

Hapo sasa ndipo biashara inapoingia. Vyombo hivi ni ghali kwa dereva wa kawaida, kwa hiyo vinauzwa kwa mkopo au betri inakodishwa. Ndani ya betri kunawekwa laini ya simu ili mwenye mali ajue iko wapi na ina chaji kiasi gani. Toka hapo mpaka "asiyelipa, mzimieni" ni hatua moja fupi sana.

Wala si hadithi ya kubuni. Mwaka 2013 Renault ya Ufaransa ilizua mjadala kwa gari lake la Zoe: mteja alinunua gari lakini betri alikodishwa, na mkataba uliiruhusu kampuni kuzuia betri isichajiwe kama kodi hailipwi. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida, Tesla iliwafungulia baadhi ya wateja, kwa mbali, uwezo wa betri uliokuwa umefungwa na programu, ili wakimbie wafike mbali zaidi. Watu walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini mkono unaoweza kufungua kutoka mbali unaweza pia kufunga.

Muhula uliopita nilipanda boda ya umeme jioni, barabara kuu imejaa malori. Katikati ya safari pikipiki ikakata. Haikupunguza mwendo, ilikata. Tukaikokota mpaka pembeni huku honi zikitupigia.

"Kaka, chaji imeisha?" nikamuuliza dereva.

"Chaji ipo, mdogo wangu. Ni rejesho. Nilikuwa nilipe kesho asubuhi." Halafu akaongeza, kama anayejisemea, "Kuna fundi ameniambia ataniungia moja kwa moja, wasinizimie tena."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tunaishi hosteli, tunajua kinachotokea fyuzi ikikatika kila pasi ikichomekwa. Kuna mjuaji atafunga kipande cha waya wa shaba, na wote tutasema ahsante. Kinga ikishageuka kero, watu wanaiondoa. Dereva akiungiwa moja kwa moja, haondoi mdai peke yake. Anaondoa pia kitu pekee ambacho kingekata umeme seli inapozidi joto au pikipiki inapolala chini na waya kuchubuka. Na betri hiyo atailaza ndani, karibu na watoto wake.

Najua watetezi wa kampuni watasema nini. Watasema dereva huyu hana nyumba wala kiwanja cha kuweka rehani, benki ingemfukuza mlangoni, na uwezo wa kumzimia ndio unaofanya apewe chombo. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Bila mikopo hiyo, wengi wasingemiliki chochote. Lakini kudai kuna njia zake. Betri nyingi za pikipiki hizi hubadilishwa kituoni: dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa. Basi asiyelipa anyimwe iliyojaa pale kituoni, amesimama, anazungumza na mtu. Au azuiwe kuchaji. Kwa njia hizo hakuna anayeachwa katikati ya barabara na abiria mgongoni.

Wengine watasema programu iangalie mwendo, ikate chombo kikiwa kimesimama tu. Jamani, kusimama si kuwa salama. Unaweza kuwa umesimama kwenye taa, au juu ya reli. Tena amri inasafiri kwa mtandao tunaoujua wenyewe. Inaweza kutumwa umeegesha ikapokelewa umeshaondoka. Hata ukataji wa usalama wenyewe una adabu yake: betri ikianza kupata joto, mfumo mzuri humwonya dereva na kupunguza nguvu kwanza ili apate kutoka barabarani, na kukata papo hapo kunabaki kwa hatari kubwa kama waya kugusana au ajali. Iweje deni la siku moja lipewe haraka ambayo joto halipewi?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, uamuzi wa kukata kwa usalama ubaki ndani ya betri yenyewe, na amri ya kutoka ofisini isiruhusiwe kuigusa swichi hiyo. Pili, kama kuna kufuli la deni, lifanye kazi kwenye kuchaji au kubadilisha betri tu, na dereva apewe taarifa mapema kwa Kiswahili anachokielewa. Tatu, TBS na LATRA wayaandike haya kama masharti, yasiachwe kwenye hisani ya kampuni.

Nawageukia wenzangu wa uhandisi na kompyuta. Baadhi yetu tutaajiriwa na kampuni hizi. Siku moja bosi ataomba uongeze mistari michache tu ya programu: rejesho likichelewa, kata. Itaonekana kazi ya nusu saa. Kabla hujaiandika, muulize chombo kitakuwa wapi amri itakapofika, na nani atakuwa amekaa nyuma. Anaweza kuwa mwanachuo mwenzako anawahi mtihani.