Dada Staa, Tango la Mang'ula Limekukosea Nini?

Wadau, nimejizuia siku tatu, leo limenishinda. Jina simtaji, mnamjua.

Dada yetu wa mjini alikuja kupanda maporomoko ya Sanje. Mita zaidi ya 170 zile, na alifika juu, hongera zake. Ila jioni akaposti eti huku kwetu hakuna cha kula, kwa hiyo kabeba saladi yake na mvinyo wake toka Dar. Nikaikuza picha. Majani yamelala kama yana malaria! Yatakosaje? Morogoro, Mikumi, mpaka Kidatu, kutwa nzima yanapikwa na joto la gari. Pembeni chupa ya Ufaransa, tena mwekundu mzito.

Sasa sikiliza, dada. Makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa yako hapa hapa Mang'ula, na tangu 1992 wageni wanakuja na wanakula. Barabarani kuna mama ana beseni la matango, kitunguu, hoho, parachichi na ndimu. Osha kwa maji yaliyochemshwa. Katakata tango na hoho, kitunguu kifikiche na chumvi kwanza kipungue ukali. Tupia kotimiri, kamua ndimu, kijiko cha mafuta ya alizeti. Parachichi linaingia mwisho kabisa, na lisiwe limeiva sana, ukilikoroga mapema unakula uji. Dakika kumi, umemaliza.

Na mvinyo? Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Ufaransa mara moja. Tafuta mweupe wa Dodoma, usio na sukari, upoze vizuri. Ndimu ni kali, inataka kinywaji chenye uchachu wake, la sivyo mvinyo unapooza mdomoni. Ule mwekundu wako kwenye ndimu na kitunguu unageuka mchungu kama mwarobaini. Kwa hiyo pesa umetumia na ladha umekosa. (Asiyetumia kilevi, ukwaju baridi unatosha sana.)

Najua mtaniambia pesa ni yake na tumbo ni lake. Sawa kabisa, angekula kimya kimya nisingeandika. Tatizo ni lile neno “hakuna”. Maelfu wamelisoma, na wengine ndio hao wanaopanga kuja likizo na makontena yao ya plastiki. Hata kijana mmoja wa mgahawa hapa jirani ameshaanza kuwaambia wageni wasubiri “saladi ya mjini” inayokuja na basi, bei mara tatu, huku dirishani kwake anamwona mama na matango yaliyochumwa asubuhi.

Jana jioni nimepishana na mama huyo akirudi nyumbani, beseni bado zito. Nikamuuliza biashara vipi. Akacheka tu, akanipa tango moja bure.

Povu ruksa.