Picha za kompyuta zitamsaidiaje mwenye kisima Meru?

Kuchimba kisima kirefu katika maeneo ya chini ya Mlima Meru hugharimu mamilioni ya shilingi, na mkulima anaweza kulipa zote akaambulia shimo kavu au maji yenye floraidi kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, programu za kompyuta zinazochora maji yaliyo chini ya ardhi si suala la wasomi peke yao.

Programu inayojulikana zaidi, MODFLOW, ilitolewa na idara ya jiolojia ya Marekani mwaka 1984 na hupatikana bure. Huigawa ardhi katika vyumba vidogo vidogo mfano wa trei za mayai zilizopangwa juu kwa juu, kisha hukokotoa maji yanayoingia kila chumba kutokana na mvua na yanayovutwa na pampu. Matokeo hutolewa kwa picha za rangi, zikionyesha mahali ambapo kina kitashuka endapo visima vitaongezeka.

Meru inazihitaji picha hizo. Mvua nyingi hunyesha miteremko ya kusini, wakati kaskazini ni kukavu. Miamba ni ya volkano, hivyo visima vya majirani vinaweza kutofautiana mno. Maji ya Ngarenanyuki, kunakolimwa nyanya na vitunguu, yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Jiji la Arusha nalo linategemea chemchemi na visima.

Tatizo ni takwimu. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, wamechunguza visima vya Arusha, lakini penye pengo kompyuta hukisia tu. Kisima kisichoandikishwa hakimo kwenye picha, ingawa kinavuta maji kila siku.

Wapo wanaoikwepa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani wakihofia ada. Hofu hiyo inaeleweka, ila hesabu yake ni mbovu. Sheria ya mwaka 2009 inagawa maji kwa kibali. Kina kikishuka, asiye na kibali wala kumbukumbu hana la kudai. Kupima hakuhitaji mtaalamu: kamba yenye uzito na alama za mita, asubuhi kabla ya kuwasha pampu, mara moja kwa mwezi, na daftari.

Bodi nayo inapaswa kuzirudisha picha hizo vijijini, kwa Kiswahili. Mahali pa kuzidai ni mikutano ya jumuiya za watumia maji.