Ndege za Amin zilizoteketea Entebbe: 11 au 30?

KATIKA simulizi za uvamizi wa makomandoo wa Israel katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe, usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, karibu kila takwimu inakubalika isipokuwa moja. Waandishi wamekwishaafikiana kuhusu mateka 102 waliorejeshwa na kuhusu ndege nne za mizigo aina ya C-130 zilizotua gizani. Inajulikana pia kuwa kamanda Yonatan Netanyahu ndiye mwanajeshi pekee wa Israel aliyeuawa. Lakini kuhusu hasara ya jeshi la anga la Idi Amin, wapo wanaotaja ndege 11 na wapo wanaofikia 30.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa kosa la kuhesabu, na kwa Tanzania haikuwa jambo la mbali. Miaka miwili na miezi mitatu baadaye, marubani wa Amin walikuwa juu ya anga ya Bukoba.

Wakazi wa Moshi wana sababu ya ziada ya kuifuatilia habari hii, kwani shambulio la kwanza la kushtukiza lililopangwa dhidi ya Entebbe lilikwama mlangoni mwao. Septemba 1972, wafuasi wa Milton Obote walipovuka mpaka kuelekea Masaka na Mbarara, ndege aina ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa kutoka Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ambao ulikuwa haujatimiza mwaka tangu uzinduliwe. Ilikusudiwa ipakie wapiganaji na kuwashusha Entebbe ghafla. Ilipotua, matairi yake yalipasuka, na safari ikaishia hapo. Wapiganaji waliokwenda kwa barabara walisambaratishwa, na Oktoba mwaka huohuo ukatiwa saini mkataba wa Mogadishu.

Waisraeli hawakuwa wageni Entebbe. Kabla ya Amin kuwafukuza mwaka 1972 walikuwa wakiwafundisha marubani wa Uganda, na walijua kwamba ndege za kivita aina ya MiG-17 na MiG-21 huegeshwa karibu na jengo la zamani la abiria, walikofungiwa mateka. Wakati kikosi kimoja kikiwatoa mateka, kingine kilizimiminia risasi MiG hizo zikiwa ardhini ili zisizifuate ndege nzito za mizigo zikielekea Nairobi kujaza mafuta. Kazi yote, tangu ndege ya kwanza kutua hadi ya mwisho kuondoka, haikufika saa mbili.

Hapo ndipo hesabu zinapoanza kuachana. Aliyefyatua risasi usiku, kutoka katika gari la deraya, huhesabu ndege alizozilenga na zile alizoona zikiwaka moto. Mwenye ndege huhesabu asubuhi, akitenga ile iliyobaki majivu na ile iliyotobolewa bawa ambayo fundi anaweza kuiziba. Hesabu ya kwanza ni ya vipigo na ya pili ni ya hasara. Vitabu vingi vimeichukua mojawapo bila kusema ni ipi.

Aidha, neno “ndege” lenyewe limebeba mengi. Idadi ya 11 kwa kawaida hutajwa pamoja na neno MiG. Idadi ya 30 hutajwa kama ndege za jeshi kwa ujumla, na jeshi hilo lilikuwa pia na ndege za mafunzo kama L-29 na Fouga Magister. Anayesema MiG 30 ziliteketea amechanganya mafungu mawili. Kwa ushahidi uliopo, 11 ndiyo idadi inayoweza kutetewa kwa ndege za kivita zilizoharibiwa kabisa, na 30 ichukuliwe kuwa kikomo cha juu cha kila kilichoguswa na risasi.

Suala hilo lilikuwa pia la fedha na sheria. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipokutana Julai 1976, Tanzania, Libya na Benin ziliwasilisha rasimu ya azimio la kuilaani Israel na kuitaka iilipe Uganda fidia ya uharibifu uliofanyika. Rasimu hiyo haikupigiwa kura, na ile ya Marekani na Uingereza iliyolaani utekaji nyara ilipata kura sita tu ikashindwa. Hivyo hapakuwa na siku ambayo Uganda ililazimika kuorodhesha ndege moja baada ya nyingine mbele ya mtu wa kuikagua. Ni kinaya cha siasa za wakati ule kwamba Tanzania, iliyomhifadhi Obote, ndiyo iliyodai fidia kwa niaba ya Amin; lakini mipaka ya nchi za Afrika ilihesabiwa kuwa jambo kubwa kuliko uadui wa majirani wawili.

Wapo wanaodai kuwa mashambulizi ya anga ya Oktoba 1978 katika mkoa wa Kagera, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, yanathibitisha kuwa hasara ya Entebbe ilikuwa ndogo. Hoja hiyo ni dhaifu. Miaka miwili yatosha kununua ndege au kupewa na rafiki, na Uganda ilikuwa na kambi nyingine ya anga Gulu ambayo haikuguswa mwaka 1976. MiG zilizoonekana Bukoba zinathibitisha tu kwamba Amin alikuwa nazo mwaka 1978.

Vita vya Kagera vyenyewe vina mafumbo yake ya hesabu. Zipo ndege tatu za Tanzania zinazoelezwa kudunguliwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe, waliodhani ni za adui. Msomaji anayejumlisha hasara za pande mbili kwa kutazama nani alidai kudungua nini, atazikosa kabisa.

Mwishoni mwa Machi 1979, makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi na kuunda UNLF chini ya Yusuf Lule. Karibu na siku hizohizo ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia hifadhi ya Saa Nane na kuua wanyama.

Aprili 7 majeshi ya Tanzania yaliuteka uwanja wa Entebbe. Ndege moja ya Libya aina ya C-130 iliyokuwa ikijaribu kuondoka iliteketezwa kwenye njia ya kurukia. Idadi hiyo haijaleta ubishi, kwani safari hii waliofyatua risasi walibaki uwanjani hadi kulipokucha.