Mbele ya kupiga diski ya papa, angalia sindano



Mu nyumba mingi za makampi yetu, chini ya kitanda ao juu ya kabati, kungali sanduku ya chuma yenye kujaa madiski. Bapapa balizinunua na mushahara wa shimo. Myaka ikapita, turnediski ikaharibika, batoto bakafuata kaseti, kisha CD, kisha telefone. Sasa vijana banaanza kuyatosha tena madiski ile mu sanduku. Ni jambo ya mzuri na tunawapongeza. Lakini tunaona pia namna yenye banayapiga, na hapo hatuwezi kunyamaza. Kila mara sindano mubaya inapita, kuna sauti yenye inakwanguliwa mu diski na haitarudia hata siku moja.

Kuna benye batauliza: sindika inaacha mambo ya mushahara inakuja kutuongelea muziki? Mambo ya mushahara tuliandika hapa mara mingi, na tutaandika tena. Lakini ile sanduku ni mali ya mufanyakazi, na mara mingi ndiyo mali moja tu yenye ilibakia kisha wenyewe kufa. Na si muziki ya batu wengine. Mwaka 1952 Muingereza Hugh Tracey alikuja na mashini yake ya kukamata sauti mpaka Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akakamata gita ya Mwenda Jean Bosco. «Masanga» ilitokea pale, na mpaka leo kuna bapiga gita wa inchi za mbali benye banajifunza kuipiga kidole kwa kidole. Bengine banayo «Indépendance Cha Cha» yenye African Jazz ya Kabasele ilikamata kule Bruxelles mu 1960, wakati wa Table Ronde. Zile diski ni archive yetu. Hatuna ingine.

Sasa tuseme juu ya kichwa cha sindano, juu bengi banafikiri sauti nzuri inatoka mu bafle kubwa. Bafle ni mudomo tu. Sauti iko imechongwa mu mufereji mwembamba wa diski. Ncha ya sindano inatembea mule, inatikisika kushoto na kuume. Nyuma yake kuna kafimbo, na mwisho wa kafimbo kuna kasumaku. Sumaku ikitikisika karibu na waya wa shaba wenye kuzungushwa mara mingi sana, umeme kidogo unazaliwa: milivolti 4 hivi, ni kusema volti moja ukiigawanya mara 250. Ni hiyo tu yenye ampli inakuza mpaka jirani asikie. Kama kwa ncha kulipotea kitu, hakuna ampli ya kukirudisha.

Muangalie vizuri hiki kintu. Waya ni shaba. Sumaku mingi za hii kazi, za zamani na za sasa, ziko na kobalti ndani. Ncha ya mzuri ni almasi, na siye Bakongomani tunajulikana mu dunia kwa almasi za viwanda za Mbuji-Mayi. Shaba, kobalti, almasi! Kichwa chenyewe kinafanywa Japani ao Danemarki, kinakuja kwetu mu kaboite kadogo, na tunalipa mukono wa fundi wa kule. (Hiyo ni habari ya editoriali ingine.)

Upande moja wa diski ya 33, ule wa dakika 20, mufereji wake ni zaidi ya metre 400. Galeri kabisa! Sindano inaitembea yote na uzito juu ya fasi ndogo sana kuliko unywele. Kwa kichwa cha mzuri uzito ni kama gramu 2. Lakini zile turnediski za valizi zenye kuuzishwa bei ya chini, mara mingi ziko na kichwa cha seramiki chenye kulemea gramu 5 ao zaidi, na ncha ya safiri. Safiri inaisha kisha masaa makumi tu. Almasi inaweza kufanya 500 mpaka 1000. Ncha yenye kuisha inapata makali, inakata ukuta wa mufereji. Ukitia tena franga ya chuma juu ya kichwa ili diski isiruke, sawa bazee bengi balivyozoea kufanya, unaikata mbio zaidi. Na vumbi letu, ile nyekundu yenye inaingia mpaka mu sahani ya chakula, ikibakia mu mufereji, sindano inakuwa broyeur.

Basi, kuchagua namna gani?

Kwanza ujue diski yako. Ile ya 78, ya zamani, yenye kuvunjika kama sahani, mufereji wake ni mupana: inaomba ncha ya karibu mikroni 75. Ile ya 45 na 33 inaomba ncha ya mikroni 15 mpaka 18 hivi. Ncha ndogo ndani ya 78 inaanguka chini ya mufereji na kusomba uchafu. Ncha kubwa juu ya 33 inaiharibu. Ndiyo maana mashini mingi za bazee zilikuwa na kichwa cha kugeuza, upande huu 78, upande ule 33. Mutu asikuambie sindano moja inafaa kwa yote.

Kisha, uchague kichwa chenye sindano inatoka na kubadilishwa na mukono. Ortofon wa Danemarki, benye banatumika tangu 1918, bako nacho. Audio-Technica wa Japani bako na VM95, na ni hiyo tunaona inafaa nyumba ya mufanyakazi: kiwiliwili ni kimoja, unanunua sindano ya VM95C yenye ncha ya mviringo kwa 45 na 33, na VM95SP kwa 78. Kuna pia VM95E, ncha yake ni kama yai. Inasoma vizuri zaidi, lakini inaomba kichwa kifungwe sawasawa kabisa. Usipokuwa na fundi mwenye subira, beba ile ya mviringo. Ingine tunayosikia inasifiwa ni Denon DL-103, yenye ilitengenezwa kwa radio ya NHK mu myaka ya 60. Ni kichwa ya heshima. Lakini umeme wake ni mudogo mara kumi na zaidi, inaomba kifaa cha pekee mbele ya ampli, na sindano ikivunjika huwezi kuibadilisha wewe mwenyewe. Mu nyumba yenye batoto sita, siye tunasema hapana.

Mbele ya kulipa, upime mashini yako. Mashimo mawili ya vis, kati yao milimeta 12,7: hapo vichwa vingi vya sasa vinaingia. Kama haiko vile, usinunue kwanza. Uangalie ampli kama iko na fasi yenye kuandikwa «phono»; kama hakuna, kunaombwa kapreampli. Utafute kamizani ka kupima gramu ya sindano. Na ile lupe yenye bajeolojia banaangalilia mawe, itumike hapa pia: ncha ya mzuri inang'aa, iko sawa pande zote. Juu ya Shure za Marekani, mukumbuke kampuni iliacha kutengeneza vichwa mu 2018. Sindano «mupya ya Shure» yenye unaonyeshwa leo kwa soko inaweza kuwa ya zamani, ao ni kopi.

Kusafisha: maji ya safi, kasabuni kidogo sana, kitambaa laini, kisha kukausha. Hapana alkoli juu ya 78. Inayeyusha ngozi yake.

Faida ni gani? Tulifanya majaribio kwa nyumba ya delege moja. Diski ileile ya 45, kwanza na sindano ya zamani, kisha na ya mupya. Na ya zamani, sauti ya mwimbaji ilikuwa kama inatokea ndani ya ndoo. Na ya mupya tukasikia kidole gumba kinatembea juu ya nyuzi nene, chupa inagongwa pembeni, na mutu anavuta pumzi mbele ya kuanza kuimba. Muzee moja wa pansiyo, mwenye anajua ule wimbo tangu ujana wake, akasema: «Kumbe mule mulikuwa gita ya pili?» Akaomba turudishe. Tukarudisha mara ine, mpaka kurani ikakatika.

Bei ya kichwa na sindano zake mbili ni nzito kwa nyumba moja, lakini nyepesi kwa nyumba kumi zenye kuunga likelemba. Tunaomba bakomite ba kila kampi baijadili. Mashini moja ya mzuri mu cercle inapita turnediski kumi za kuharibu.

Na wale benye banapita nyumba kwa nyumba kununua sanduku nzima na franga kidogo, musibauzishie vile. Mufungue kwanza, muandike mu kaye jina la kila diski, mwimbaji, na nani aliinunua. Zile za 78 muzisimamishe wima, mbali na jua, mpaka sindano yao ifike.