UFUNDI WA NYUMBANI: Baraza Bovu la Jirani

Katika miji mingi ya Marekani nyumba za watu wa kawaida hujengwa kwa mbao, na upande wa nyuma huwekwa baraza la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo. Hapo ndipo jamaa hula wakati wa joto na majirani hukutanika jioni. Baraza hilo aghalabu halina paa, hivyo hupigwa na mvua, theluji na jua mwaka mzima. Linapoanza kuoza, mara nyingi mwenye nyumba ni mtu mzima ambaye nguvu zimempungua, na jirani mwenye msumeno na nyundo ndiye anayeitwa.

Ombi lenyewe huja kwa maneno madogo: mbao mbili tatu zimelegea, je, zaweza kubadilishwa Jumamosi? Hatari huanzia katika ombi hilo. Mbao za juu ndizo zinazoonekana, lakini mzigo wa watu hubebwa na boriti zilizo chini yake, na boriti nazo hutegemea nguzo upande mmja na ukuta wa nyumba upande wa pili. Ubao wa juu ukivunjika, mtu huumia mguu. Kiungo cha ukutani kikiachia, baraza zima huanguka na wote waliomo.

Kuoza kwa mbao ni kazi ya kuvu. Kiumbe hiki huhitaji hewa, joto la wastani, chakula, ambacho ni ubao wenyewe, na maji. Katika hayo manne, fundi anaweza kuyazuia maji tu. Ubao ambao unyevu wake hauzidi sehemu 20 kwa 100 ya uzito wake mkavu hauliwi na kuvu. Ndiyo sababu boriti ya darini hudumu kwa kukosa maji, na gogo lililozama ziwani hudumu kwa kukosa hewa, ilhali nguzo iliyosimikwa ardhini hukatika pale pale udongo unapokutana na upepo.

Fundi wa Bujumbura au Kisangani aliyezoea mvule pengine atashangaa kwamba baraza laweza kuoza upesi hivyo. Lakini mbao nyingi za kazi hiyo huko Marekani ni za msonobari, mti laini ambao hauna kinga yake wenyewe, nao hudumu kwa dawa inayosukumwa ndani kwa shinikizo. Pale ubao unapokatwa, ndani kusikofikiwa na dawa huwa wazi, na wengi husahau kupaka dawa nyingine mahali hapo.

Kazi basi huanza kwa kuingia uvunguni na bisibisi. Ncha husukumwa katika miisho ya boriti, kando ya misumari, na kila mahali ubao ulipolalia ubao mwingine, kwa kuwa huko ndiko maji hujificha. Mbao nzima hukataa, na ikibanduliwa hutoa kibanzi kirefu. Mbao mbovu huipokea ncha kama kiazi kilichopikwa. Ubao uliofungwa ukutani kushikilia boriti ndio unaostahili kuchunguzwa kuliko yote. Nyuma yake maji ya mvua hukaa bila ya kuonekana, yakiula ubao huo na ukuta wa nyumba pia.

Hofu hiyo si ya bure. Tarehe 16 Juni 2015, katika mji wa Berkeley, California, roshani ya ghorofa ya nne ilivunjika usiku wakati vijana walipokuwa katika sherehe ya siku ya kuzaliwa. Sita walikufa na saba waliumia. Boriti zilizotokeza ukutani zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyonaswa ndani, ingawa jengo halikuwa limetimiza hata miaka 10. Mwaka 2018 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwataka wenye majengo ya kupangisha wakague roshani zao.

Kumweleza jirani habari ya boriti mbovu ni kazi ngumu kuliko kupiga msumari. Alitazamia gharama ya mbao tatu, sasa anaambiwa avunje baraza zima na kuomba kibali cha mji. Wako wanaoona haya, wakagongomea mbao mpya juu ya boriti zilizooza ili wasimhuzunishe mzee. Hao wamemdhuru. Baraza lililolegea huwaonya watu wenyewe wakanyage polepole. Likishapendezeshwa, onyo limeondolewa na ubovu umebaki, na wageni watajaa humo bila ya wasiwasi.

Uzito wa wageni hao si mdogo. Kanuni zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani hutaka baraza libebe ratili 40 kwa kila futi ya mraba. Baraza la futi 12 kwa 16, ambalo si kubwa, latakiwa kustahimili ratili 7,680, yaani karibu tani tatu na nusu. Misumari iliyopigwa ukutani haiaminiki kwa mzigo huo, maana huchomoka taratibu kila watu wanapotikisika. Ubao wa ukutani hufungwa kwa boliti au skrubu nene za kazi hiyo, na juu yake hukunjwa bati linaloingia nyuma ya kifuniko cha ukuta ili kuyatupa maji nje.

Boriti hupangwa kwa nafasi ya inchi 16. Nguzo husimama katika kiatu cha chuma juu ya zege, wala hazizikwi. Huko Chicago ardhi huganda wakati wa baridi na kuinua kila kilicho juu yake, kwa hiyo msingi wa zege huchimbwa kina cha inchi 42. Misumari iwe ya zinki, kwa sababu dawa za siku hizi zina shaba nyingi, nayo hula chuma kitupu. Ukingo hufika inchi 36, na mwanya kati ya fito zake usipitishe mpira wa inchi 4, kwa ajili ya vichwa vya watoto.

Hubaki lundo la mbao kuukuu. Nyingi zilizouzwa kwa ajili ya nyumba hadi mwisho wa mwaka 2003 zilitiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Zisichomwe hata kwa kuchoma nyama tu, wala majivu au unga wake usitupwe katika bustani ya mboga. Anayezikata hufunika pua na mdomo, huzoa unga wote, na kuzipeleka mbao hizo katika jaa linaloruhusiwa kuzipokea.