Kasi iliyoandikwa ukutani haimsaidii mtoto wa mhami

Tuseme wazi: siberi nyingi za michezo katika miji yetu ya mashariki, tangu Bunia hadi Uvira, zinauza kitu ambacho wenyewe hawajakipima. Ukutani wameandika "intaneti ya kasi". Kijana analipa noti yake ya franka 500, anashika maneti, mpira unafika golini, kisha picha inaganda. Ikirudi, amekwisha kufungwa. Akiuliza, anajibiwa "ni rezo tu, vumilia". Na dakika zake zinaendelea kuhesabiwa.

Wengine watasema: huo ni mchezo wa watoto, kwa nini kupigia kelele? Tazameni basi ni nani wanaoketi katika vyumba hivyo. Kuna vijana waliokimbia vijiji vyao, wanaoishi kwa jamaa zao au kwenye kambi, bila shule na bila kazi. Kando yao kuna mama anayetaka kumsikia mwanawe aliye Uganda au Burundi, na papa anayetafuta habari za kijiji alichokiacha. Laini ni moja kwa wote. Mwenye siberi akichagua vibaya, anamwibia mchezaji na mama huyo kwa pamoja. Pesa ya mhami haina nyingine ya kuifuata nyuma.

Kosa la kwanza ni kununua mega kwa macho. Muuzaji anakuja na karatasi: megabiti 20, megabiti 50. Mwenye siberi anafurahi kama amenunua gari. Lakini mchezo wenyewe hauli sana. Michezo mingi ya kushindana haizidi megabaiti 150 kwa saa kwa mchezaji mmoja. Piga hesabu: wachezaji 10 kwa pamoja hawafikii hata megabiti 4 kwa sekunde. Kinachomuua mchezaji ni muda ambao amri ya kidole chake inatumia kwenda hadi kwenye seva na kurudi. Vijana wanauita pingi, na unahesabiwa kwa milisekunde. Ukiwa chini ya 100, mchezo unakwenda. Ukipita 200, kijana anapambana na kivuli. Na ukirukaruka, mara 60, mara 400, hapo ni vibaya zaidi, kwa maana hata mkono hauwezi kuzoea.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili: pingi ya laini hii ni ngapi saa moja ya jioni, na inarukaruka kiasi gani? Asipojua, hajui anachouza. Mwambie alete chombo chake akifunge kwako kwa siku saba. Pimeni pamoja asubuhi, mchana, na hasa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye simu. Laini inayong'aa saa nne asubuhi inaweza kuwa takataka jioni, na wateja wa siberi wanakuja jioni.

Sasa tuangalie njia zilizopo. Ile sahani kubwa ya zamani ya setilaiti, iliyosaidia mashirika na parokia nyingi, haifai kwa michezo. Setilaiti yake iko karibu kilomita 36,000 juu. Amri inapanda, inashuka, jibu linapanda, linashuka: karibu kilomita 144,000. Hata mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Hakuna fundi wala pesa ya kuiondoa. Anayekuuzia hiyo kwa siberi ya michezo anakudanganya.

Starlink ni jambo jingine, kwani setilaiti zake ziko karibu kilomita 550 tu, na pingi yake mara nyingi inabaki chini ya 100. Nchini kwetu ilikatazwa Machi 2024, kisha ikapewa ruhusa Mei 2025. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni chombo kilichoandikishwa nchi jirani na kuvushwa mpaka: siku kampuni ikikifunga, hutakuwa na pa kulalamika. Wa pili ni umeme. Sahani ya kawaida inakula kati ya wati 75 na 100 muda wote, wakati modemu ndogo ya simu inaridhika na wati 10 hivi. Kwa anayeishi kwa paneli za jua na betri moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafunga saa mbili au saa nne usiku.

Laini ya simu, 4G, inapatikana upesi na haidai waya. Ubaya wake ni kwamba mnara ni wa wote. Usiulize kampuni ipi ni bora nchini, uliza mnara upi unakusikia vizuri mahali ulipo. Nyumba mbili za avenyu moja zinaweza kupata majibu tofauti. Fibri, pale ilipofika, ndiyo yenye pingi tulivu kuliko zote, lakini waya ukikatwa na wachimba barabara unaweza kungoja siku nyingi. Kwa hiyo mwenye fibri au sahani awe pia na modemu ya 4G kando, hata kwa forfe ndogo, ili kazi isisimame.

Tena kuna lile neno tamu: "bila kikomo". Katika mikataba mingi, kikomo kipo, kimeandikwa kwa herufi ndogo. Ukifikia kiasi fulani cha giga, wanakupunguzia kasi hadi mwezi uishe. Soma mkataba, au msomeshe kijana anayejua Kifaransa vizuri. Uliza mambo matatu: kikomo ni giga ngapi, baada yake kasi ni ngapi, na je, laini hii inaruhusiwa kutumika kwa biashara? Asiyetaka kuyajibu kwa maandishi, mwache aende.

Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao. Wenye siberi wengi wana laini nzuri, na wao wenyewe wanaiharibu. Mashine moja ikianza kushusha mchezo wa giga 50 katikati ya jioni kwa laini ya megabiti 20, itashika njia yote zaidi ya saa tano. Wengine wote watagandishwa, na simu ya mama itakatika. Dawa haina gharama: zima masasisho ya peke yake, yashushe usiku wa manane. Funga mashine za michezo kwa waya, si kwa Wi-Fi. Nenosiri la Wi-Fi lisitolewe kwa kila mpita njia. Weka mpaka wa kasi kwa kila mashine ndani ya ruta yako.

Na kabla ya yote, jiulize kama mchezo unahitaji intaneti kweli. Mpira wa watu wawili kwenye PlayStation moja, maneti mbili, hauhitaji hata mega moja. Tukumbuke kwamba tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Siberi iliyokuwa na michezo ya ndani iliweza kufanya kazi. Iliyotegemea laini peke yake ilifunga mlango. Basi tenga bei mbili: mchezo wa ndani bei ya chini, mchezo wa intaneti bei ya juu, na kila mteja ajue analipia nini.

Najua jibu litakalokuja: "Sisi ni wadogo, laini nzuri ni ghali, umeme ni ghali, kodi ni nyingi." Ni kweli kabisa. Lakini udogo wa duka si ruhusa ya kuuza mizani mbovu. Mama anayeuza unga sokoni naye ni mdogo, na akipunguza kipimo tunamwita mwizi. Kama leo laini yako ni mbaya, iandike ukutani: "Leo pingi ni 300, mchezo wa ndani tu." Hautapoteza wateja, maana vijana wanajua kurudi mahali wanapoambiwa ukweli.

Kwenu vijana: kabla ya kutoa noti, ombeni kuona pingi. Michezo mingi inaionyesha kwenye kioo. Ikiganda kwa sababu ya laini, dakika zenu zirudishwe. Kwenu wazazi: badala ya kuwafukuza watoto katika vyumba hivyo, ingieni mwulize kinachouzwa humo. Na kwenu wenye siberi: pimeni laini zenu wiki hii, jioni, mbele ya wateja. Asiyeogopa mizani yake huiweka mezani.